Taa tatu juu ya bahari ya Pangani: ununue kamera gani, na filta ipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Pangani. Mara tatu sasa nimeona taa tatu za rangi ya machungwa zikining'inia juu ya bahari upande wa mashariki, baada ya isha. Hukaa dakika kadhaa, kisha huzimika moja moja. Nimezipiga kwa simu, ikatoka duara jeupe linalovimba na kunywea, katikati lina doa jeusi. Nina shilingi milioni moja na nusu. Nimeshauriwa ninunue kamera ya zumu mara 125 na filta ya infraredi, maana vitu hivi eti havionekani vizuri kwa macho matupu. Ninunue ipi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Hiyo fedha usiitoe kwanza. Ulivyoeleza ulichokiona kumenifurahisha, kwa sababu umetaja upande, wakati na jinsi taa zilivyozimika, na wengi wanaoniandikia hawataji hata kimoja kati ya hivyo. Ila ushauri uliopewa ungekumalizia akiba yako na kukuachia picha mbovu kuliko zile za simu.

Anza na duara lako. Taa iliyo mbali sana ni nukta. Ukiona nukta imekuwa sahani, jua fokasi, yaani ule ulengaji wa lenzi unaofanya kitu kionekane wazi, imekosea, na ile sahani ni umbo la tundu la lenzi yenyewe. Usiku simu haina cha kushika, basi fokasi inakwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta, na duara linavimba na kunywea kama kitu chenye uhai. Lenzi yenye tundu la pembe sita itakupa sahani ya pembe sita, na ya pembe tatu itakupa pembetatu. Hili limewakuta hata mabaharia wa jeshi. Mwaka 2019 meli ya kivita ya Marekani ilirekodi pembetatu zikiwakawaka angani, na video ile ikazunguka dunia nzima. Tarehe 17 Mei 2022, Scott Bray, aliyekuwa naibu mkurugenzi wa upelelezi wa jeshi la wanamaji, aliwaeleza wabunge wa Marekani kwamba lile umbo lilitokana na mwanga kupita kwenye miwani ya kuonea usiku kisha ukarekodiwa na kamera, na kwamba vyenyewe vilikuwa vyombo visivyo na rubani. Umbo lilizaliwa ndani ya vioo.

Kwa hiyo kamera unayoitafuta ni ile itakayomwezesha mtu ambaye hakuwapo kujibu maswali manne: taa ilikuwa upande gani, saa ngapi, umbali gani, na mwanga wake ulitoka kwenye kitu gani. Mwaka 2023 jopo la wanasayansi lililoundwa na NASA, shirika la anga la Marekani, kuchunguza taa na vitu vya angani visivyotambulika lilitoa ripoti yake, na kilio chake kikubwa kilikuwa hichohicho: picha zipo nyingi, lakini vifaa havikupimwa na taarifa za kamera hazipo, basi hakuna cha kukokotoa.

Sasa hiyo zumu. Kamera uliyotajiwa bila shaka ni Nikon P1000 au ndugu zake. Ni kamera nzuri kwa ndege wa porini na kwa mwezi. Lakini ukiivuta mpaka mwisho, yaani sawa na lenzi ya milimita 3000, inaona kipande cha anga chenye upana wa digrii 0.7 tu. Nyoosha mkono wako mbele, utazame kidole chako cha mwisho: kinafunika karibu digrii moja. Unatafuta taa gizani kwa dirisha jembamba kuliko kidole hicho, na mkono ukitikisika kidogo tu, taa imetoka. Halafu kihisi chake, yaani kile kinachonasa mwanga ndani ya kamera, ni kidogo kama ukucha wa mtoto, na tundu la lenzi kule mwisho linabana mpaka f/8, kwa hiyo usiku picha inajaa chengachenga. Na juu ya bahari yenye joto, hewa ya karibu na upeo wa macho huchemka kama moshi wa jiko, basi ukikuza unakuza mtetemo huo. Picha nyingi za Zuhura zinazosambazwa kama chombo cha ajabu chenye utando wa rangi zinazocheza zimepigwa kwa kamera za aina hii, fokasi ikiwa imekosea.

Mimi ningekununulia hivi: kamera iliyotumika ya kubadilisha lenzi, ya miaka kumi iliyopita, mfano Canon 700D, na lenzi moja isiyo na zumu, milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu linalofunguka sana. Kisha stendi ya miguu mitatu iliyo nzito kiasi cha kustahimili upepo wa kusi, na kitufe cha mbali cha kupigia ili usiiguse kamera. Ukipata fundi au muuzaji mwaminifu, fedha yako inaweza kutosha na chenji ikabaki. Kabla ya kulipa, funika lenzi kwa kifuniko chake, piga picha ya sekunde 10 kwa ISO 1600 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga), uikuze kwenye kioo. Nukta nyekundu, bluu au nyeupe utakazoziona ni pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, zilizoharibika. Kamera ya zamani huwa nazo chache, si neno, lakini uzijue zilipo. Kuna watu wamezitangaza kuwa kundi la vyombo vya ajabu.

Utaniuliza, milimita 50 itaona nini? Inaona upana wa digrii 25 hivi kwenye kamera hiyo, yaani taa zako tatu, mstari wa bahari na minazi ya ufukweni, vyote ndani ya fremu moja. Na bado si kipofu: kitu chenye upana wa mita 20 kikiwa kilomita 5 kutoka kwako kitachukua pikseli 45 hivi, zinazotosha kabisa kujua kama kina umbo au ni nukta tu.

Mstari wa bahari ndani ya fremu usiudharau. Usiku wa tarehe 13 Machi 1997, watu wa jiji la Phoenix, Marekani, walirekodi safu ya taa zikining'inia angani, kisha zikazimika moja baada ya nyingine, karibu kama unavyosimulia wewe. Kilichosaidia ni kwamba video zilipigwa mahali panapojulikana. Wachambuzi walirudi palepale, wakapata picha ya mchana yenye safu ya milima ya Estrella, wakailaza juu ya ile ya usiku. Taa zilizimika palepale zilipogusa mgongo wa mlima. Zilikuwa fataki za kumulika zenye parachuti, zilizodondoshwa na ndege za jeshi kwenye uwanja wa mazoezi ulio nyuma ya milima hiyo, nazo zilikuwa zinashuka taratibu na kujificha. Kwa hiyo kila utakapopiga usiku, iache stendi palepale au uchore alama za miguu yake sakafuni, urudi asubuhi upige picha hiyohiyo kwa mwanga wa jua.

Fokasi yenyewe usiiachie kamera. Jioni, kabla taa hazijatokea, elekeza kamera kwenye nyota angavu, washa kioo cha nyuma, bonyeza kitufe cha kukuza mpaka ×10. Weka lenzi kwenye fokasi ya mkono, zungusha pete polepole sana. Utaiona nyota ikiwa donge la mwanga, inajikusanya, inakuwa chembe, kisha inaanza kutawanyika tena. Rudi nyuma unywele mmoja, palepale ilipokuwa chembe ndogo kabisa. Bandika pete kwa kipande cha gundi ya karatasi na usiiguse tena usiku huo. Kilimia kikiwa juu, kipige kwa majaribio: nyota zake zikitoka nukta zilizotengana vizuri, uko tayari. Weka tundu f/2.8, ISO 1600, faili ghafi ile inayoandikwa RAW kwenye menyu. Kwa taa angavu anza na shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi, ya 1/60 ya sekunde. Ikiwa kiini cha taa kimeungua kikawa cheupe, punguza mwanga, maana rangi ndiyo ushahidi wako na kwenye kilichoungua rangi haipo. Kwa taa hafifu unaweza kwenda hadi sekunde 6. Zaidi ya hapo mzunguko wa dunia utazivuta nyota kuwa vistari.

Nije kwenye filta. Ya kwanza ni ile utakayoivua. Wauzaji wengi watakupa lenzi ikiwa na kioo cha UV mbele, ya kulinda, wanasema. Mchana iache, hasa kwetu pwani kwenye chumvi. Usiku ivue. Kioo kile ni bapa: mwanga mkali wa taa ya barabarani unaingia, unagonga kihisi, unarudi nje, unagonga kioo bapa na kurudi tena ndani, na picha yako inapata kinukta cha ziada, mara nyingi cha kijani, ambacho wewe ulipokuwa umesimama hukukiona. Nimeshaletewa picha za namna hii nyingi mno, na mara nyingi mwenye picha hulia machozi ya furaha kabla sijafungua mdomo. Kipimo chake ni rahisi. Tafuta katikati kamili ya picha. Vuta mstari kutoka kwenye taa kali kupitia katikati hiyo mpaka upande wa pili. Kama kile kitu kipo upande wa pili, umbali uleule kutoka katikati, ni mwangwi wa taa. Ukitaka kuthibitisha, sogeza kamera kidogo: taa ikienda kushoto, mwangwi utakwenda kulia.

Ile ya infraredi ndiyo iliyonifanya nikuandikie kirefu, maana inauzwa kwa maneno matamu. Kihisi cha kamera kweli kinaweza kuona infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, ile inayotoka kwenye rimoti ya televisheni. Lakini kiwandani huwekewa kioo mbele yake kinachoizuia, ili rangi zitoke sawa. Sasa wewe ukiongeza mbele ya lenzi filta ya nanomita 720 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), inayozuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi peke yake, umefunga milango yote miwili. Hata mchana wa jua kali utahitaji sekunde kadhaa kupata picha moja, na usiku utapata weusi mtupu. Wapo mafundi wanaong'oa kile kioo cha ndani. Kamera inaona zaidi, kweli, ila rangi zinavurugika, na rangi ndiyo tunayoitafuta. Tena infraredi hiyo si joto. Kamera ya joto ni kifaa kingine kabisa chenye kihisi kingine, na bei yake ni nyingine. Ukimwona mtu anawasha taa ya infraredi na kurekodi mipira na fimbo zinazopita kasi angani, hao ni wadudu na vumbi vilivyo mita moja au mbili mbele ya lenzi. Mdudu akipiga mbawa mara kadhaa wakati shata iko wazi, anaandikika kama fimbo yenye mapezi.

Filta ya kupolaraizi, ile CPL, ni ya mchana. Inakoleza anga lililo pembe mraba na jua na kupunguza mng'ao wa maji, kwa hiyo puto au droni nyeupe huonekana vizuri zaidi. Usiku inakula zaidi ya nusu ya mwanga wako bure. Filta za kukata mwanga wa mji zilifaa enzi za taa za sodiamu za njano. Taa za LED zimetawanya mwanga wake kwenye rangi zote, na Pangani si Dar. Usinunue. Na jua usilielekezee lenzi bila filta maalumu ya jua. Hilo ni kwa usalama wa macho yako.

Filta moja tu ndiyo ningeuza shati langu niipate, nayo ni rahisi kuliko zote. Walimu wa fizikia huiita gretingi ya difraksheni. Ni kipande cha plastiki angavu kilichochanjwa mistari myembamba sana. Tafuta yenye mistari 300 kwa kila milimita. Huuzwa kwa ajili ya maabara za shule. Chukua filta kuukuu inayoingia kwenye mdomo wa lenzi yako, ung'oe kioo chake, ukate gretingi duara kwa mkasi, uibandike kwenye ile pete. Ukiivalisha kwenye lenzi, kila taa itatoka ikiwa na upinde wake wa rangi pembeni, kati ya digrii 7 na 12 kutoka kwenye taa yenyewe, wenye urefu wa takriban pikseli elfu moja. Weka taa upande mmoja wa fremu ili upinde upate nafasi.

Upinde huo ni kama alama ya kidole. Karabai ya wavuvi ina utambi unaowaka kwa joto, basi rangi zake zimeungana bila pengo, kuanzia nyekundu hadi bluu. LED nyeupe ina kilima chembamba cha bluu, kisha bonde lenye giza, kisha kilima kipana cha kijani na njano. Taa ya sodiamu ina mistari mikali kwenye njano, karibu na nanomita 589. Zile taa za kubana matumizi za zebaki hukatika vipande vipande, na mstari wa kijani wa nanomita 546 unajitokeza kama sindano. Sayari na setilaiti hurudisha mwanga wa jua, na upinde wake ni laini. Kule bonde la Hessdalen, Norway, watu wamekuwa wakiona taa ambazo hadi leo baadhi hazijapata jawabu. Watafiti wakiongozwa na Erling Strand walipopiga kambi kwenye theluji mwezi Januari na Februari 1984, gretingi kwenye kamera ilikuwa miongoni mwa vifaa vyao, pamoja na rada. 

Nenda leo usiku, kabla ya yote, ukapige kila taa unayoijua: ya msikitini, ya kivuko, ya pikipiki, karabai ya jirani. Andika jina la kila moja. Hiyo itakuwa kamusi yako, na siku taa za machungwa zikirudi utakuwa na cha kulinganisha nacho.

Umbali nao hauhitaji kifaa, unahitaji rafiki. Mwenzako mwenye kamera au hata simu kwenye stendi asimame kilomita 5 kutoka kwako, kusini au kaskazini ufukweni, nyote wawili mpige picha za taa kwa sekunde ileile mkihesabu kwa simu. Taa ikiwa kilomita 10 baharini, kwenye picha zenu itahama kwa zaidi ya digrii 25 ukilinganisha na nyota za nyuma yake, karibu upana wa fremu nzima. Ikiwa setilaiti iliyo kilomita 500, itahama nusu digrii tu, kama upana wa mwezi. Picha mbili za namna hii zina thamani kuliko mia za mtu mmoja. Ila saa za kamera zilingane: zirekebisheni kwa saa ya simu iliyo kwenye mtandao, na muandike kwa mfumo wa saa 24. Saa mbili usiku yetu ni 20:00 kwenye kamera, na ni 17:00 kwenye orodha nyingi za setilaiti zinazofuata saa ya dunia. Nimewahi kuona uchunguzi mzuri ukiharibika kwa sababu ya hizo saa tatu.

Kuhusu taa zako sina haki ya kuamua nikiwa mbali, lakini nakuomba uangalie jambo moja kwanza. Tarehe tatu ulizoziona, zilikuwa za giza au za mbalamwezi? Wavuvi wa dagaa huwasha taa usiku wa giza. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yakiwa mita 2 juu ya maji, anaona upeo wa kilomita 5, na taa iliyoinuliwa mita 2 kwenye chombo ataiona hadi kilomita 10 hivi. Hewa ya ubaridi ikilala juu ya maji chini ya hewa ya joto, mwanga hupinda, na taa zilizo mbali zaidi ya hapo huinuliwa zikaonekana zimening'inia juu ya mstari wa bahari. Nyekundu na machungwa hupita vizuri kwenye hewa nzito kuliko bluu, ndiyo maana hata taa nyeupe ikiwa mbali hivyo hugeuka rangi. Kama tarehe zote tatu ni za giza, kazungumze na manahodha. Kama moja iliangukia mwezi mpevu, basi nami natamani kujua zaidi.

Wala usidhani nakukatisha tamaa. Anga letu limeshapitisha mambo makubwa. Mwaka 2020 maputo ya intaneti ya Loon yalielea juu ya Kenya kwenye kimo cha kilomita 20, yakipata jua robo saa hivi baada ya kuzama kwa walio chini, na kung'aa kama nyota. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kutoka angani kijiji cha Mukuku, Makueni, kukohuko Kenya. Mtu mwenye kamera kwenye stendi, saa sahihi na mwenzake upande wa pili angeliweza kuonyesha ilitokea wapi.

Kamera yako iweke kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, la sivyo kuvu itaota ndani ya lenzi kabla ya masika kuisha. Na utakapopata picha, usinitumie kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana hubanwa na taarifa za kamera hufutwa. Itume kama hati, faili ghafi lenyewe, pamoja na ile ya mchana, ile ya lenzi iliyofunikwa, na picha ya karabai ya jirani yako.